Otenyo Niliyemnyima Uso

Nilimchora Otenyo bila kichwa, nikajiona msanii mkubwa. Kosa ni langu. Hakuna aliyenituma.

Kisa chenyewe watoto wengi wa Gusii hukisikia kabla hawajajua kusoma. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mgongoni G.A.S. Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Nyarigoti akapona. Askari wakaletwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakapigwa risasi hata Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni wakati huo, akalalamika kutoka London kwamba mauaji yamezidi. Otenyo alikamatwa, akauawa. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Mimi rangi nilijifunza kwa kuchora vibao vya vinyozi hapa Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti umeupitia katikati, upande huu Kisii, ule Nyamira. Kwa hiyo vichwa nilivijua: kisogo, masikio, mstari wa wembe kwenye paji. Mwaka 2021 nilikwenda Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuona maonyesho ya Invisible Inventories, kuhusu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Orodha yao ilipita vitu 32,000. Makabati ya vioo yaliyoachwa matupu yalinikaa akilini, nikarudi nyumbani nikitaka nami kuchora utupu.

Nikaanza kutafuta picha. Ya Northcote niliipata upesi, kwa sababu baadaye alikuwa gavana wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941, na magavana hawakosi mpiga picha. Ya Otenyo sikuipata. Hapo ndipo nilipoteleza. Badala ya kuuliza watu, niliugeuza uvivu wangu kuwa falsafa. Nyarigoti nilimchora mpaka vifungo vya shati. Otenyo nikamwacha kivuli cheusi kinachoishia mabegani. Kwenye kikaratasi cha maelezo nikaandika kwamba utupu ule ni jeraha la historia. Mnunuzi mmoja kutoka Ulaya alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akalipa. Fedha zikawa mabati ya nyumba ya mama.

Siku niliyompelekea magokoro, nyanya mzaa mama, picha ile kwenye simu, nilitarajia sifa. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni Nyarigoti, magokoro."

"Mbona mzee hivi?"

Sikuwa na jibu. Northcote alizaliwa 1881. Alipochomwa mkuki alikuwa kijana wa miaka 26, na mimi nilikuwa nimemvika uso wa gavana wa miaka hamsini na kitu.

"Na huyu wa chini?"

"Otenyo."

Akanyamaza kidogo. "Mzungu umemtafuta mpaka ukampata. Watu wa Otenyo wako hapo Kitutu, ungepanda matatu tu. Kichwa walikikata mara moja, wewe umekikata tena." Halafu akauliza lile ambalo mpaka leo likinijia naona aibu: "Na Moraa umemficha wapi?"

Moraa wa Ng'iti, mama mwenye maono aliyewahimiza vijana kupigana, aliyempa Otenyo moyo wa kuinua mkuki. Sikuwa nimemficha. Sikumkumbuka kabisa. Jina lake nililijua tangu utotoni, lakini katika msako wangu wote wa picha halikunijia hata mara moja, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa wale waliopigwa picha.

Nilimwandikia mnunuzi nikiomba anirudishie turubai nimchoree nyingine. Hakujibu. Kuna waliokwisha kuiona, na picha yake imechapishwa zaidi ya mara moja. Nimekwenda Kitutu, nimeketi na wazee waliobishana hata kuhusu mkono ulioshika mkuki, na sasa nachora upya, nikianza na Moraa. Ile ya kwanza siwezi kuifuta. Ukikutana nayo ukutani mwa mtu huko uliko, ujue mzungu yule ni gavana wa Hong Kong, Otenyo alikuwa na kichwa, na Moraa hayumo.