Farasi Akikutupa, Mwili Wako Una la Kusema

Ukisafiri kwa matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Gilgil kwako huenda ni mahali pa kushuka Kikopey, kula nyama choma haraka haraka na kuendelea na safari. Wengine wanaijua kwa kambi ya wanajeshi. Vijana waliopitia Huduma ya Vijana kwa Taifa wanaikumbuka kwa gwaride, vumbi na baridi ya alfajiri. Ni wachache watakaokuambia kwamba nyuma ya vichaka vya leleshwa, ukielekea Ziwa Elmenteita, kuna mashamba ambako farasi hulishwa, hufunzwa na kupandwa, na kwamba polo ni mchezo wenye mizizi mirefu katika sehemu hizo.

Najua unachotaka kuuliza. Farasi ni wa mabwanyenye, wewe yakuhusu nini? Nami niliuliza hivyo hivyo nilipotumwa huko kuandika juu ya masaisi, wale wanaume (na siku hizi wanawake pia) ambao huamka saa kumi na moja asubuhi kuwapiga farasi brashi na kuzoa samadi. Nilikwenda na kalamu na daftari. Mzee mmoja, saisi wa miaka mingi, alinitazama kutoka viatu hadi kichwani, akasema: "Mwanangu, mtu haandiki juu ya ugali bila kuuonja." Jumamosi moja ikazaa nyingine, na mwandishi akawa mwanafunzi.

Acha nikueleze habari za mapaja. Siku ya kwanza nilizungushwa uwanjani kwa nusu saa tu, farasi akitembea kama mzee aendaye sokoni, nikarudi nyumbani nikijisifu. Kesho yake sikuweza kushuka ngazi. Kesho kutwa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwani misuli isiyozoea kazi huuma zaidi siku ya pili au ya tatu kuliko siku yenyewe ya kazi. Mume wangu alisimama chini ya ngazi akicheka hadi machozi yakamtoka. Nilimsamehe, lakini si siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata mzee hakunisalimu kwa "habari yako" wala "hujambo". Aliniuliza, "Unaumwa wapi?" Nikadhani ni adabu tu. Kumbe ndilo somo lenyewe! Alikuwa anasoma maumivu yangu kama fundi wa magari anavyosikiliza injini. Ukiumwa ndani ya mapaja, hayo ni ya mgeni, yatapita. Ukiumwa magoti, basi ama unambana farasi kwa hofu, ama vikuku, yaani vile vyuma vya kutilia miguu, vimefungwa juu mno. Kiuno kikiuma, unakaa kama gunia la viazi, mgongo umepinda. Na viganja vikitoka malengelenge, hapo mzee alikunja uso, kwa maana mtu anayejishikilia kwa hatamu anaivuta lijamu iliyo kinywani mwa mnyama. "Mikono yako ikiuma," alisema, "mdomo wake umeuma zaidi, na yeye hana wa kumwambia."

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini shuleni hatukufundishwa hivyo. Ukiumia uwanjani uliambiwa ama uache kulialia, ama ukapumzike. Hakuna aliyeuliza ni wapi hasa, na kwa nini pale wala si pengine.

Mwezi wa tano nikaanguka. Hakukuwa na maajabu yoyote. Tulikuwa tukitoka taratibu kando ya kichaka, kundi la kanga likaruka kwa kelele kutoka kwenye leleshwa, farasi akachupa upande mmoja na mimi nikabaki upande wa pili, hewani. Farasi, ikumbukwe, ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako kando ya kichwa ili aone karibu pande zote, na akishtuka hukimbia kwanza, kisha hufikiri baadaye. Ana kilo mia nne au tano. Hawezi kulaumiwa. Nilitua kwa bega, nikasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu. Ulikuwa mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua, ambao ndio hasa huvunjika mtu akiangukia bega au mkono ulionyooshwa.

Daktari alinifunga mkono kwa kitambaa shingoni, akanipa vidonge vya maumivu, akaniambia nihesabu majuma sita au zaidi. Mama yangu alipiga simu kutoka Nyahururu kila jioni kuniuliza kama nimepata akili. Lakini, msomaji, mfupa haukunisumbua kama nilivyotarajia. Mfupa una ratiba yake. Kilichonisumbua ni kwamba nikisikia tu kuku akipiga mabawa uani, tumbo lilinikaza. Wahenga hawakukosea: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Miongoni mwa wapanda farasi kuna desturi inayosema kwamba aliyeanguka apande tena papo hapo, kabla hofu haijajenga nyumba. Desturi hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo nimeiona. Mtoto aliyeteleza na kukalia nyasi akiinuliwa na kurudishwa juu kwa dakika tano tu, hurudi nyumbani akisimulia kwa fahari. Nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu mashujaa wetu wa michezo wametuzoesha kuipigia makofi.

Chukua Bill Roycroft wa Australia. Katika Olimpiki za Roma za mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 45, alianguka na farasi wake, akavunjika mtulinga na kupata mtikisiko wa ubongo. Aliondoka hospitalini madaktari wakipinga, akapanda tena siku ya kuruka viunzi, na timu ya Australia ikatwaa dhahabu. Kisa hiki husimuliwa kama ngano ya ushujaa, nami sikatai kwamba kinasisimua. Lakini ningekuwa mkewe ningeificha suruali yake. Leo tunajua kwamba ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza. Mtu aliyeangukia kichwa, akawa anatapika, anaona maruerue, anauliza swali lile lile mara tatu, haitaji kutiwa moyo. Anahitaji daktari, na kofia aliyoanguka nayo isitumiwe tena, kwani kofia ngumu ikishapokea kishindo kimoja kikubwa huwa imemaliza kazi yake hata kama haionyeshi ufa.

Na kuna maanguko ambayo hayana "papo hapo". Tarehe 27 Mei 1995, mwigizaji Christopher Reeve, aliyejulikana ulimwenguni kote kama Superman, alitupwa farasi wake aliposita mbele ya kiunzi huko Culpeper, Virginia, Marekani. Alikuwa amevaa kofia na kizibao cha kujikinga. Kofia hailindi shingo. Alipooza kutoka shingoni, akaishi kwenye kiti cha magurudumu hadi alipofariki mwaka 2004, na miaka hiyo aliitumia kutetea utafiti wa tiba ya uti wa mgongo. Kila anayemnunulia mwanawe somo la farasi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa anapaswa kukijua kisa hicho pia.

Hata hivyo ninayempenda zaidi ni Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mja mzito, alishikwa na ugonjwa wa polio. Alijifungua salama, lakini miguu yake ilibaki imepooza kutoka magotini kwenda chini. Alianza upya kama mtoto: kwanza kuinua mkono, kisha kutambaa, kisha magongo. Alirudi kwa farasi, ingawa ilibidi ainuliwe ili apande na ashushwe akimaliza. Mnyama aliyezoea kuamriwa kwa miguu ikabidi afundishwe kusikiliza kiuno na uzito wa mwili. Mwaka 1952 huko Helsinki, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwendesha farasi kwa madaha, Hartel alipata medali ya fedha. Alipata nyingine mwaka 1956. Huyu hakupuuza mwili wake hata kidogo. Alikubali kwamba miguu haitarudi, akatafuta njia nyingine ya kusema na farasi.

Hapa kwetu Bonde la Ufa tunacho kisa cha farasi mwenyewe. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki kwa ndege peke yake, alianza kama mfunzi wa farasi wa mbio akiwa msichana wa miaka 18 hivi. Katika kitabu chake West with the Night cha mwaka 1942, anasimulia habari za farasi jike, Wise Child, aliyefika mikononi mwake na kano za miguu zilizoharibiwa kwa kukimbizwa kupita kiasi. Msaidizi wake arap Ruta, waliyejuana tangu utotoni, alikuwa naye. Hawakumlazimisha mnyama, walimpimia kazi kulingana na miguu ilivyostahimili, na mwaka 1926 Wise Child akashinda mbio za St Leger mjini Nairobi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndiyo, lakini mhunzi huyo alijua koleo lake limepasuka wapi.

Nimesema habari za mabingwa. Sasa nimseme mzee wangu, kwa maana yeye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Anachechemea. Nyonga yake ya kushoto iliteguka miaka mingi iliyopita alipokuwa akimfunza farasi mchanga wa mwajiri aliyekuwa naye wakati huo. Nilimwuliza alipumzika kwa muda gani. Alicheka. "Siku tatu," alisema. "Ya nne watoto walitaka unga."

Haya ndiyo maumivu yasiyomfundisha mtu lolote, isipokuwa kunyamaza. Mimi nilipovunjika nilikaa nyumbani, mshahara ukaingia, na mfupa ukapewa nafasi ya kuunga. Yeye alipanda tena kwa lazima, na watu waliokuwa ukingoni bila shaka walimwita jasiri. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo inamtaka mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima dhidi ya ajali za kazini, na saisi ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Ikiwa wewe msomaji unampeleka mtoto kujifunza kupanda farasi, uliza kofia iko wapi, uliza farasi ana umri gani, na ukiwa hapo uliza pia kama anayeshika hatamu ana bima. Si utovu wa adabu. Unalipa.

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Sikurudi kwa kishindo. Jumamosi ya kwanza nilimpiga farasi brashi tu nikaenda zangu. Ya pili nilipanda, nikakaa juu yake akiwa amesimama. Ya tatu tulipita kando ya kile kichaka cha leleshwa, mzee akitangulia kwa miguu, akipiga makofi ili kama kuna kanga waruke mapema. Hawakuwepo. Bega langu bado hulalamika baridi ikishuka kutoka Nyandarua, na mkoba naubeba upande wa pili.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, ameomba naye ajifunze. Tulibishana nyumbani majuma mawili, mama yangu akishiriki kwa simu. Mwishowe alikubaliwa kwa masharti ya kofia, kizibao na farasi mzee asiyeshtuliwa na lolote. Jumamosi iliyopita alimaliza mzunguko wake wa kumi, akateremka akiwa amekunja uso, akamwendea mzee moja kwa moja.

"Guka, magoti," alisema, kabla hajaulizwa.

Mzee akainama, akavishusha vikuku tundu moja.