Karafuu, Saruji na Mfuniko wa Jino

Nimefanya kazi ya meno Dodoma tangu mji huu ukiwa makao makuu kwa jina tu, kabla Serikali haijaanza kuhamia kweli mwaka 2016 na kabla haujatangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Kabati la dawa limebadilika sana katika kipindi hicho, lakini swali halijabadilika: mnaziba mzizi kwa dawa gani? Huliuliza mgonjwa aliyetoka Kondoa, huliuliza ofisa aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, na huliuliza daktari kijana aliyemaliza mafunzo juzi, huyu akiwa tayari na jina la dawa ya bei kubwa mdomoni. Wote wanachukulia kwamba dawa ndiyo inayoponya. Kazi imenifikisha kwenye imani tofauti. Kilichojazwa ndani ya mzizi kina umuhimu, lakini kinatanguliwa na usafi wa mfereji wa mzizi kabla ya kuujaza, na pia na mfuniko unaowekwa juu ya jino baada ya kujaza. Huku Kanda ya Kati, mfuniko huo ndio mara nyingi unaoamua kama jino litadumu au litang'olewa.

Vitu vyenyewe havina miujiza. Kijiti cha rangi ya waridi tunachokisukuma mzizini ni gutapecha, utomvu wa mti wa Malaya na visiwa vya jirani. Daktari William Montgomerie alipeleka sampuli zake London kutoka Singapore mwaka 1843, na muda si mrefu ukawa ndio unaovika nyaya za simu za chini ya bahari. Waya uliotandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879 ulikuwa wa aina hiyo, kwa hiyo pwani yetu ilipokea gutapecha kwenye sakafu ya bahari kabla haijaipokea kinywani. Anayetajwa kuwa wa kwanza kujazia mizizi ya meno ni Bowman wa St. Louis, Marekani, mwaka 1867. Kijiti cha leo kina takriban sehemu moja tu ya gutapecha katika tano. Kilichobaki karibu chote ni unga wa oksidi ya zinki, pamoja na chumvi za metali nzito ili kionekane kwenye eksirei, na nta kidogo. Kwa kuwa kijiti hakigandi kwenye ukuta wa mzizi, huhitaji uji wa kuziba nafasi zinazobaki. Uji wa kawaida uliotulea sote ni oksidi ya zinki tena, ikikorogwa na yujinoli. Na yujinoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yale ambayo Pemba huyakamua kwenye makonyo na majani katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Sidai kwamba chupa ya mezani kwangu imetoka Wawi. Nasema tu kwamba bibi anayebandika karafuu kwenye gego linalouma na mtaalamu anayekoroga uji wake kwenye kioo wanatumia kitu kimoja, na tofauti yao ni kwamba mmoja amesafisha kwanza.

Kabla ya kujaza, siku nyingine tunaacha ndani ya mfereji dawa ya haidroksidi ya kalisi, iliyoingizwa katika udaktari wa meno na Hermann wa Ujerumani mwaka 1920. Hiyo ni chokaa iliyozimwa, safi kuliko ya ukutani, na huua vijidudu kwa ukali wake uleule unaobabua mikono ya fundi. Halafu kuna MTA, ambayo Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, waliitangaza mwaka 1993. Robo tatu yake ni saruji ya Portland. Takriban asilimia 20 ni oksidi ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei, na kama asilimia 5 ni jasi, madini yaleyale yanayochimbwa Itigi, mkoani Singida, kwa ajili ya viwanda vyetu vya saruji. Mtu akisikia hayo huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini gramu moja ya MTA iuzwe ghali hivyo na mfuko wa kilo 50 upo dukani. Watafiti wameuliza pia, na kwa namna chembe hai zinavyoipokea wakakuta kufanana kwingi. Lakini saruji ya ujenzi haikusagwa wala kuchujwa kwa ajili ya mwili wa mtu, kiasi chake cha arseniki na madini mengine hakina anayekidhamini, na bila bismathi haionekani vizuri kwenye picha, kwa hiyo huwezi kujua umeifikisha wapi. Jibu langu kwa wanaotaka njia hiyo ni hapana. Hata hivyo swali lao lina faida moja: linaondoa ule ukungu wa heshima unaolifunika sanduku jipya.

Sasa ushahidi. Mwaka 1965 huko Marekani, Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya wa aina mbili, wa kawaida na waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini. Wa kawaida viini vya meno yao vilioza na majipu yakatokea. Wale wasio na vijidudu walipona na tundu likajizibia lenyewe, ingawa chakula kilikuwa kikiingia humo. Tangu hapo ugonjwa wa mzizi ukajulikana kuwa ni ugonjwa wa vijidudu, na tiba yake ni kuwatoa na kuwazuia wasirudi. Miaka 30 baadaye, 1995, Ray na Trope walichunguza picha za meno 1,010 yaliyokwisha kujazwa mizizi huko Philadelphia. Palipokuwa na mzizi uliojazwa vizuri na mfuniko mzuri, asilimia 91 hayakuwa na dalili ya ugonjwa kwenye mfupa. Mzizi mzuri wenye mfuniko mbaya ulishuka hadi 44. Na hapa ndipo wengi walipokunja uso: mzizi uliojazwa vibaya lakini wenye mfuniko mzuri ulipata 68.

Watetezi wa dawa za mzizi wana jibu zito, nami silipuuzi. Mwaka 2000 Tronstad na wenzake walirudia kazi hiyo Norwei na wakapata picha nyingine: mzizi ukiwa umejazwa vibaya, mfuniko mzuri haukuokoa kitu. Baadaye, waliojumlisha tafiti nyingi pamoja walikuta kwamba vyote viwili vinahitajika, kila kimoja kikiongeza uwezekano wa kupona. Nakubali. Lakini tazama walichokipima wote hao. Waliposema mzizi umejazwa vizuri, walimaanisha ujazo umeshikamana bila mapengo na umefika karibu na ncha bila kuipita. Hakuna aliyewapanga wagonjwa kwa jina la dawa. Walipima mkono wa fundi na urefu wa kazi yake, na mambo hayo hayanunuliwi kwa sanduku. Hata ugomvi wa Philadelphia na Norwei, ukiusoma kwa utulivu, ni ugomvi kati ya kazi ya chini na kazi ya juu, wala hauligusi swali la mgonjwa wa Kondoa.

Kwa nini basi nautilia mkazo mfuniko, ikiwa vyote vinahitajika? Kwa sababu ya jiografia na ya kalenda. Torabinejad yuleyule wa MTA, mwaka 1990, alichukua meno yaliyong'olewa, akayajaza mizizi kwa gutapecha na uji, akayaacha bila mfuniko na kuyaweka kwenye vijidudu. Aina moja ilipenya mzizi wote katika zaidi ya nusu ya meno ndani ya siku 19. Nyingine ilichukua siku 42. Kipimo cha maabara hakilingani moja kwa moja na kinywa cha mtu, najua, na wapo waliokipinga kwa hoja hiyo. Lakini chukua nusu ya ukali wake tu, kisha ukipeleke Mpwapwa au Manyoni. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Mkulima aliyetibiwa mzizi mwezi wa kumi na moja akaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuwekewa kizibo cha kudumu, anarudi shambani kupanda uwele na mtama. Maumivu yamekwisha, nauli ni pesa, palizi haisubiri. Kizibo cha muda kilikusudiwa majuma machache. Anaporudi baada ya mavuno, kama anarudi, mate yameshakaa ndani kwa miezi, na hapo hakuna uji wa karafuu wala wa kisasa ambao ungemsaidia. Katika miaka yangu ya kazi nimeona meno yaliyotibiwa yakipotea kwa njia hii zaidi kuliko kwa nyingine yoyote, na sehemu kubwa yalipasuka au kuoza kuanzia juu, huku mzizi ukiwa bado na rangi yake ya waridi.

Mtu anaweza kunigeuzia hoja: kama dawa ya mzizi ni ya baadaye hivyo, kwa nini usisafishe, ukaweka mfuniko na kuacha mfereji mtupu? Hili si la mzaha. Mwaka 2006 Sabeti na wenzake walilifanya kwa mbwa. Mizizi mingine wakaijaza, mingine wakaiacha, yote wakaifunika vizuri, na uponyaji haukutofautiana. Naona utafiti huo kuwa msaada mkubwa kwa upande wangu, ila sitaufuata hadi mwisho. Mbwa wale walifuatwa kwa miezi, wakati jino la mtu linatakiwa lidumu kwa miaka. Haipokloraiti, ile tunayoinunua dukani kama jiki na kuizimua, haifikii kila kona ya mfereji wa gego, hasa mifereji ya pembeni na ile inayoungana katikati. Vijidudu vichache hubaki. Ujazo huwanyima nafasi na unyevu, na siku mfuniko ukivuja huchelewesha safari ya mate kwenda chini. Kwa hiyo najaza, na najaza kwa uangalifu. Kinachonikera ni kuona saa nzima ikitumika kwa ujazo, kisha dakika tano za mwisho, mgonjwa amechoka na foleni imejaa, zikatumika kwa kizibo.

Mfuniko nao una ugumu wake hapa. Maji ya sehemu nyingi za Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma yana floraidi nyingi kuliko inavyofaa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya uhaba wa maji. Meno yaliyokua kwenye maji hayo huwa na madoa ya kahawia, na enameli yake hukatika katika vipande. Vizibo vya rangi ya jino vinavyogandishwa kwa asidi na taa havishiki vizuri kwenye enameli ya namna hiyo, na taa hutaka umeme usiokatika. Kwa hiyo kwa meno mengi nimekuwa nikichagua glasi ayonoma, unga na maji yake, inayogandana na jino kwa kemia bila taa. Tuna haki ya kuifahamu kuliko wengine. Njia ya kukwangua jino kwa mkono na kulijaza kwa simenti ilianza kujaribiwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Jo Frencken akiwa katika shule ya meno ya Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linaitangaza ulimwenguni. Glasi ayonoma ni dhaifu kwa gego linalotafuna kila siku, hilo kweli, na gego lililopoteza kuta mbili linataka kofia. Lakini ikiwekwa siku ileile ya kujaza, chini kabisa kwenye milango ya mifereji, huwa inalinda mzizi hata juu yake pakivunjika.

Wapo wenzangu wasemao mjadala wote huu ni wa anasa, kwamba jino lililooza hadi kiini ling'olewe, mgonjwa aende zake. Kung'oa ni rahisi siku ile. Gharama huja baadaye, meno ya jirani yanapoinama kwenye pengo, la juu linaposhuka, na meno ya bandia yanapopatikana mbali na kwa bei isiyo ya mkulima. Hoja yao ina nguvu mahali pasipo na eksirei wala faili za kusafishia. Hapo kung'oa ni uaminifu. Penye vifaa hivyo, kinachofanya tiba ya mzizi ionekane ya anasa ni dawa tunazochagua, na tungeweza kuchagua za bei ya chini bila mgonjwa kupoteza chochote.

Kwa hiyo fedha ya dawa ghali ningeiweka wapi? MTA ningeinunua kidogo, kwa kazi ambazo gutapecha haiziwezi: mzizi wa mtoto ambao ncha yake haijafunga, na tundu lililotobolewa pembeni ya mzizi. Huganda kwenye unyevu, ndani ya saa tatu hivi, na mfupa huivumilia. Lakini kwa ujazo wa kawaida ina kasoro ambayo wauzaji huigusa kwa haraka. Ikishaganda haina kiyeyusho. Gutapecha hulainika kwa klorofomu, na hata kwa mafuta ya mkaratusi, kwa hiyo daktari atakayelifungua jino hilo baada ya miaka, huenda katika kituo cha wilaya chenye faili chache na bila hadubini, ataweza kuutoa ujazo na kuanza upya. Uji wa karafuu nao hulainika. Una lake pia, kwamba joto la Oktoba huku kwetu huufanya ugande upesi kuliko kitabu kinavyosema, hivyo kioo cha kukorogea huhitaji kupozwa na uji ukorogwe wa mzizi mmoja mmoja. Vijiti navyo vikikaa miaka kwenye kabati lenye joto hukauka na kukatika, na kabla ya kuagiza sanduku jipya la aina yoyote, mtu angetazama kwanza tarehe ya lile la zamani.