Baiskeli ya Binti Yetu

Mgeni aingiaye Shinyanga kwa mara ya kwanza hushangazwa na baiskeli kabla ya kushangazwa na jambo jingine lolote. Zipo sokoni, zipo stendi, na siku ya Ijumaa huegemezwa kwa safu ndefu kwenye ukuta wa msikiti. Kwingineko nchini neno daladala humaanisha basi dogo. Kwetu, kwa miaka mingi, daladala ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji kwenye karia, na kijana mpole akikuuliza kama unakwenda Ngokolo au Ibinzamata. Ardhi yetu ni tambarare, na utambarare huo ndio uliotufanya kuwa watu wa baiskeli.

Sisi wawili, mume na mke, tumekulia juu ya karia za wazazi wetu. Tulipelekwa hospitali kwa baiskeli, tukapelekwa madrasa kwa baiskeli, na hata mahari yetu ilipelekwa kwa baiskeli. Pamoja na hayo yote, ilipofika zamu ya binti yetu tulisita, na kusita huko nusura kutugharimu. Ndicho kisa tunachotaka kuwasimulia wazazi wenzetu.

Binti alipoanza kidato cha kwanza, shule aliyopangiwa ilikuwa umbali wa kilomita saba hivi. Aliondoka baada ya swala ya Alfajiri na kurudi jua likikaribia kuzama. Kaka zake wawili walikuwa na baiskeli. Yeye hakuwa nayo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku moja alirudi mapema, viatu vyake havina vumbi. Tuliviona viatu kabla ya kuuona uso wake. Tulipomuuliza, alisema kweli: kijana wa bodaboda alimpa lifti ya bure, kama alivyowapa wenzake wiki iliyotangulia.

Hatuwatukani vijana wa bodaboda. Wengi wao wanatafuta riziki ya halali. Lakini mzazi yeyote wa ukanda huu, kuanzia hapa na Kahama mpaka Geita, anajua kwamba lifti ya bure huja kudaiwa malipo. Fedha ya migodini huja upesi na kuondoka upesi, na wapo mabinti tunaowafahamu ambao masomo yao yaliishia njiani namna hiyo.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alisema mtoto aachishwe shule, akae nyumbani. Mwingine akajibu kwamba tukifanya hivyo tutakuwa tumemwadhibu kwa kusema kweli, na kesho hatasema tena. Hapo ndipo lilipotajwa neno baiskeli, na papo hapo tukakumbuka maneno ya watu: mtoto wa Kiislamu, tena msichana, juu ya baiskeli?

Tulimwendea imamu wetu. Alitusikiliza, kisha akatuuliza tunaogopa nini: Mwenyezi Mungu au majirani? Akatukumbusha kwamba wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walipanda ngamia, na kwamba katika Surat An-Nahl wanyama wa kupanda wametajwa kuwa ni neema na pia ni pambo. Sharti ni stara na usalama, alisema, na hayo yote yanawezekana.

Tuliuza magunia mawili ya mpunga, tukanunua baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu. Fundi aliufunika mnyororo wote ili nguo isinaswe, akaweka wavu pembeni mwa gurudumu la nyuma. Binti huvaa suruali pana chini ya gauni, na shungi lake hulifunga vizuri lisipeperuke. Wiki mbili alifundishwa na kaka zake kwenye uwanja nyuma ya nyumba, akaanguka mara nyingi, akacheka mara nyingi zaidi.

Baba alimsindikiza siku za mwanzo. Tulikuwa tumesahau utamu wa safari hiyo. Asubuhi hewa ni baridi, na harufu ya mbuga baada ya mvua hupanda mpaka kifuani. Unawapita wachunga ng'ombe, unasalimiwa “Mwangaluka!” nawe unaitikia bila kusimama. Kengele ikilia, kuku wanatawanyika. Ni kweli kwamba masika udongo mweusi hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma; kiangazi baiskeli hukubeba, masika huibeba wewe. Lakini hata siku hizo binti hufika nyumbani akiwa na jambo la kusimulia.

Shemeji yetu, mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, Geita, alipotutembelea alitucheka. Yeye aliuza Phoenix yake zamani akatia fedha kwenye duara, na akaahidi kwamba duara likitema atamnunulia binti pikipiki. Jioni aliomba ajaribu ile baiskeli. Alizunguka mtaa mzima, akarudi akitabasamu kama mtoto, na habari ya pikipiki haikutajwa tena.

Khofu iliyobaki ni barabara kuu. Malori hayana subira na mwendesha baiskeli. Tunasoma kwamba Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, haikuzaliwa na njia zake za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa barabarani huko, na wazazi wakatoka mitaani kudai watoto wao walindwe. Njia zikajengwa. Sisi tuna baiskeli tayari, na ardhi tambarare tumepewa na Mola. Kilichobaki ni kuzitaka njia hizo katika vikao vya mitaa yetu, kama tunavyotaka maji na zahanati. Kwa sasa binti hupita njia ya ndani, iliyo ndefu kidogo, naye huvaa kizibao kinachong'aa.

Yuko kidato cha tatu sasa, alhamdulillah. Kila asubuhi husoma dua ya kupanda chombo kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kisha tunasikia kengele mara moja, ndiyo kwaheri yake. Majirani waliosema wamenyamaza, na mmoja wao alikuja juzi kuuliza fundi wetu yuko wapi. Binti yake naye ameanza kidato cha kwanza.