Mvua ya kwanza Lugoba: punguza mwendo kabla ya breki

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa kupitia Chalinze hukata kulia pale njia panda, na haupiti muda mrefu anaingia Lugoba. Huu ni mji wa kokoto. Malori yaliyojaa mawe hutoka machimboni na kuingia barabara kuu, yakichanganyika na mabasi ya mikoani, bodaboda, na watoto wenye sare za shule wanaotembea kando ya lami.

Wakati wa kiangazi, vumbi hutua juu ya lami, na mafuta ya magari hudondoka kidogo kidogo. Mvua ya kwanza ikinyesha, vitu hivyo huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Ndiyo maana manyunyu ya dakika chache yanaweza kuwa hatari kuliko mvua iliyonyesha usiku kucha na kuiosha barabara. Dereva huona lami imelowa kidogo tu, akaendelea na mwendo uleule.

Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, mita hizo zimekwisha kuliwa. Kwenye lami yenye maji, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huweza kuwa maradufu ya ule wa lami kavu. Katika nchi za theluji, Uingereza kwa mfano, madereva hufundishwa kuwa juu ya barafu umbali huo huweza kufika mara kumi. Lugoba haina barafu, lakini kanuni ni ileile: tairi likikosa kushika barabara, breki haina kazi.

Basi dereva afanye nini? Apunguze mwendo mapema, mvua inapoanza tu. Kwenye makazi, kilomita 50 kwa saa ndiyo mwisho, na kwenye utelezi hata hizo ni nyingi. Aache nafasi ya sekunde nne nyuma ya lori badala ya mbili. Awashe taa. Asikate kona wala kukanyaga breki kwa ghafla. Tairi vipara zibadilishwe kabla ya safari, kwa kuwa mistari ya tairi ndiyo inayotoa maji chini yake.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto anayevuka hajui kwamba lori lile lililo mbali haliwezi kusimama leo kama lilivyosimama jana. Aambiwe hivi: siku ya mvua, subiri mpaka gari lipite au lisimame kabisa, usikimbie kukwepa kulowa. Na mzazi aliye ndani ya gari asione haya kumwambia dereva, "Kaka, punguza kidogo, tuna watoto."

Mbele ya Msata kuna Mto Wami. Zamani magari yalisubiriana kwenye daraja jembamba la mwaka 1959. Tangu 2022 yanapita daraja jipya, pana, lenye urefu wa zaidi ya mita 500. Safari imekuwa nyepesi, lakini mvua haijabadilika. Mkichelewa kufika Moshi kwa nusu saa, chakula kitapashwa moto.