Kuingia Siyo Kufaa

Likizo iliyopita tulitumwa mafrateri watatu kufanya uchungaji katika parokia moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Tulifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, tukatembelea wagonjwa, tukasali na jumuiya ndogo ndogo. Hata hivyo, jambo lililotukaa moyoni hadi leo lilitokana na shokapu mbili za gari.

Mama mmoja mjane katika jumuiya yetu alikuwa na gari la marehemu mumewe, Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998, ile yenye turbo na tundu la hewa juu ya boneti. Marehemu alilipenda mno. Mama alitusimulia jinsi mumewe alivyokuwa akiwachosha wageni kwa habari za Safari Rally ya 1997 kule Kenya, Colin McRae aliposhinda akiendesha Impreza. Baada ya mazishi gari lilibaki chini ya mwembe. Sasa binti yao wa mwisho alikuwa amepata nafasi chuoni, na ada ilitakiwa. Kijana wa mtaa wa pili alikuwa tayari kulinunua, ila kwa sharti moja: shokapu za mbele zimekufa, zibadilishwe kwanza.

“Mafrateri wangu, nyie ndio vijana, nitafutieni,” mama alituambia, akatukabidhi bahasha yenye shilingi laki tatu. Tuliipokea kwa ujasiri kuliko tulivyostahili. Mmoja wetu tu ndiye aliyewahi kushika spana, kwenye gereji ya mjomba wake. Sisi wengine wawili tulimjua Aristotle.

Mwenzetu alitueleza kazi ya kifaa hicho tukiwa kwenye daladala. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari; shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupitia matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Oili ikivuja, gari likipiga shimo huendelea kurukaruka, tairi hukosa mshiko barabarani na breki huchelewa kusimamisha gari. Kwa gari lenye kasi kama WRX, hilo si jambo la kupuuza. Tena hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Tulianzia Gerezani, Kariakoo. Shokapu mpya tulizotajiwa zilizidi bahasha yetu karibu mara mbili. Tukahamia Ilala, kwenye spea za mtumba kutoka Japani. Kila duka swali lilikuwa lile lile: “Chasisi namba ngapi?” Tulikuwa tumeiandika kwenye karatasi, GC8 na tarakimu zake, kwa maana Impreza zinazofanana kwa sura hutofautiana kwa miguu: kuna yenye turbo na isiyo na turbo, kuna WRX na STi, na hata mwaka una tofauti yake. Kufikia saa tisa tulikuwa tumechoka kwa jua. Ndipo muuzaji mmoja alipotuletea jozi ya shokapu za Forester. “Chukueni hizi, mabosi. Zinaingia. Bolti zile zile.” Bei ilikuwa laki moja na themanini. Mwenzetu alizigeuzageuza, akasema kweli, zinaingia. Tukanunua. Tulirudi tukihesabu chenji na sifa tutakazopewa.

Mzee fundi wa mtaani kwetu alizitazama kidogo tu.

“Kuingia zitaingia. Nani kawaambia zinafaa?”

Akatuonyesha kwa kidole kile kikombe kinachokaliwa na springi. Kwenye shokapu ya Forester kimekaa juu zaidi, kwa sababu gari lile limeundwa lisimame juu. Tukifunga hizi, Impreza itainua pua kama ngalawa, na kwenye kona halitakaa kama lilivyokusudiwa. “Na huyo kijana hanunui hili gari aende nalo sokoni,” akaongeza.

Hapa tuseme ukweli wetu. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake. Nauli ya kurudi Ilala ilikuwa shida, na muuzaji angeweza kutukana. Tukamwambia mzee azifunge tu. Kijana aliomba shokapu zilizo hai, na hizi ni hai. Hatuwezi kumtaja mmoja aliyesema hivyo, kwa maana wote watatu tulikubali.

Mzee akafuta mikono. “Nitafunga. Ila nyie mtamwambia huyo kijana haya niliyowaambia.”

Tulinyamaza. Muhula uliotangulia tulikuwa tumejibu mtihani kuhusu sababu nne za Aristotle, na kwamba kitu hueleweka kwa lengo lake. Tulipata alama nzuri. Lakini pale gereji tulikuwa tayari kuuza kitu kilichoundwa kwa lengo jingine, mradi bolti zinakubali.

Tulikwenda kwa mama, tukamweleza kosa letu lote. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Mngenificha, ningejua lini? Siku ya msiba wa mtoto wa mwenzangu?” Hatukuwa na jibu. Tulimpigia mnunuzi tukamweleza na yeye, akakubali kungoja. Muuzaji wa Ilala alizipokea shokapu zake akikata elfu thelathini. Siku ya nne tulipata zinazolingana, kutoka kwenye GC8 iliyokatwa nusu: kavu, bila doa la oili, na ukikandamiza fimbo inapanda polepole bila kukwama. Pesa ilipungua kidogo, tukajazia kwenye posho yetu. Gari likauzwa, ada ikalipwa.

Usiku ule, kwenye baraza la nyumba ya mapadre, yule mwenzetu wa spana alisema taratibu, “Na mimi niliingia. Sijui kama ninafaa.” Alikuwa amelibeba neno hilo mwaka mzima. Hakuwa na kashfa wala masomo hayakumshinda. Alikwenda kuzungumza na mlezi wake wa kiroho, kisha na baba gombera, na muhula huu hakurudi. Yuko gereji kwa mjomba wake, na sauti yake kwenye simu ni ya mtu aliyepumua.

Zile shokapu za Forester hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzima kabisa, kwa ajili ya Forester. Sisi wawili tuliobaki bado tumo ndani, tumevaa kanzu, jina letu limo kwenye orodha. Bolti zimekubali. Kila jioni kabla ya Masifu tunajiuliza lile swali la mzee, na tunaomba tusije tukalijibu kwa haraka kama tulivyofanya Ilala.