Upepo Katika Breki

Kisiwa chetu cha Pemba ni cha vilima na mabonde, na dereva wa huku huijua breki kama baharia aijuavyo nanga. Baba yangu ameendesha katika vilima hivyo zaidi ya miaka 40. Jioni moja alirejea uso umemsawajika, akasema kuwa mteremkoni pedali ilizama hadi chini, na kilichomwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni breki ya mkono. Mimi sikuiuliza gari, nilimhukumu mzee. "Baba, umri umeshakwenda. Nipe ufunguo." Akanipa bila ya neno.

Siku ya tatu nilikaa mwenyewe kwenye usukani. Pedali ilikuwa laini kama sifongo, na nilipoikanyaga mara tatu mfululizo ikapanda. Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki iliyotangulia ni mimi niliyebadilisha silinda ya gurudumu la nyuma, nikarudishia dramu, na kwa kuiwahi Magharibi sikutoa upepo ukaisha. Mafuta ya breki hayabanwi. Huipokea nguvu ya mguu na kuifikisha kwenye silinda, viatu vya breki vikatanuka na kuishika dramu. Upepo hubanwa, na povu dogo tu huimeza nguvu ile njiani. Breki ya mkono huvuta kwa waya, ndiyo maana haikumtupa mzee.

Kazi hii yataka watu wawili, basi nikamwomba Baba akae kwenye pedali. Nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikainua nyuma kwa jeki na kuegesha gari juu ya vigogo. Nilianza kushoto, gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kwani usukani wetu uko kulia. Nikavisha mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili nikaizamisha katika chupa yenye mafuta mapya.

"Kanyaga, Baba!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!" Nikalegeza skrubu, mapovu yakatoka kwa wingi. Nikakaza. "Achia!"

Akiachia kabla sijakaza, upepo hurudi ndani. Hakukosea hata mara moja. Sauti zetu zikaenda kama beti na kiitikio, nami kila baada ya muda nikatoka kuongeza mafuta katika kopo lisije likakauka. Hatimaye mafuta yakatoka matupu, safi.

"Imepanda," akasema.

Nikiwa bado chini ya gari, nikamjibu: "Baba, kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Akanyamaza kidogo. "Bado gurudumu la kulia," akasema.

Tulipomaliza nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Akaupokea, akautazama, kisha akanirejeshea.

"Teremka nayo wewe kwanza, mwanangu. Mimi nitakaa ubavuni."

Tukateremka pamoja, polepole.