Gitaa Mnadani

Sisi tuliokulia visiwani, tukisikia neno mnada hukumbuka samaki wa Darajani: nguru na changu wamelazwa sakafuni, dalali anapaza sauti, na shughuli imekwisha kabla jua halijawa kali. Kule Karatu mnada ni siku nzima. Watu wa Qurus hutoka alfajiri na ng'ombe, mbuzi, maharage na mbaazi, wakarudi jioni na mitumba na masufuria, wananukia moshi wa nyama choma. Nilifundisha Qurus miaka mitatu, na mnada nikauzoea. Sikudhani hata hivyo kwamba siku moja, mwaka 2009, ningesimama baina ya mbuzi kutoa ushahidi juu ya gitaa.

Mwenyewe alikuwa jirani yangu, mzee wa Kiiraqw aliyefanya kazi ujanani katika mashamba ya mkonge ya Morogoro. Alirudi kwao na gitaa kavu, na hikaya yake: kwamba Mbaraka Mwinshehe alikuwa akilipiga mazoezini, kabla hajaiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa bendi, naye alikwisha kufa. Sasa mjukuu wa mzee alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, mbali na nyumbani, na godoro, sanduku la bati na nauli havikupatikana.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ni mtu wa Pwani, na vitabu umesoma. Ukisema wewe kuwa ni la Mbaraka, wataamini. Mimi wataniona mzee anayetafuta fedha."

Usiku ule nililishika. Mbao ya shingoni ilikuwa imelika kwa vidole, nyeusi kama mpini wa jembe. Uzi mmoja ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Mzee alilipiga kidogo, dole gumba likitembea peke yake chini ya wimbo. Nakiri kwamba nilitamani kuamini.

Mwaka 2004, New York, gitaa la Eric Clapton aliloliita Blackie liliuzwa mnadani Christie's kwa dola 959,500. Mwenyewe aliliunda kwa vipande vya magitaa matatu makuukuu, na fedha zikaenda katika kituo chake cha kutibu waraibu kisiwani Antigua. Mwaka 2020 gitaa la marehemu Kurt Cobain lilipita dola milioni 6. Mbao haifiki bei hiyo. Kinachonunuliwa ni ushahidi: picha, kanda, na neno la mwenyewe kuwa hili ni langu.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Bendi nyingi za dansi zilikuwa na mwenye vyombo, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park ya mwaka 1978 baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam; polisi na jeshi walikuwa na zao. Mtu akihama bendi alihama na sauti yake na vidole vyake, gitaa likabaki kumngoja mwingine. Gitaa moja likapita mikono kumi, na hakuna aliyeandika. Kwa hiyo hikaya ya mzee yawezekana kabisa. Na kwa sababu iyo hiyo yeyote mwenye gitaa kuukuu angeweza kuisimulia. Mbaraka hakuwepo wa kuulizwa: alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Dalali, aliyezoea mitumba, alilinyanyua kwa shingo kama kuku. "La Mbaraka hili! Mwalimu yupo, atasema."

Nikasema: "Mzee huyu amekaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Anasema alilipata Morogoro. Mzee namwamini, gitaa silijui."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akauliza kama linaingia kwenye spika. Liliishia shilingi 45,000, likachukuliwa na mpiga gitaa wa kwaya; mbuzi aliyefuata alipita bei hiyo.

Njiani mzee alisema neno moja tu: "Umesema kweli, mwalimu." Nilipompelekea fedha za sanduku la bati alizikataa kwa adabu. Maziwa aliyokuwa akiniletea kila asubuhi hayakuja kwa wiki mbili. Mtoto alikwenda shule, kwa ndama mmoja aliyeuzwa baadaye. Na ndama yule, msomaji wangu, ndiye niliyemwona kila nilipofumba macho.

Jioni moja nilipita kanisani. Kwaya ilikuwa mazoezini, na yule kijana anahangaika kukaza nyuzi. Mzee alikuwa amesimama nje ya dirisha, fimbo kwapani, kofia mkononi.

"Uzi wa pili," alimwambia, "bado. Pandisha. Pandisha kidogo tena."

Kesho yake maziwa yalikuja.